Kuhamia Mwanza miezi ya baridi kali: hatua ninazofuata kila mwaka

Desemba hapa Umeå, kaskazini mwa Uswidi, jua huchomoza mnamo saa tatu na nusu asubuhi, na saa nane mchana limeshazama. Unaingia kazini gizani, unatoka gizani. Miezi hiyo hiyo Mwanza jua linatoka karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, na joto la mchana linakaribia nyuzi 28. Ziwa Victoria, ambalo mji huu uko kando yake, liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo usiku unajifunika shuka na kulala vizuri, tofauti na jasho la Dar es Salaam.

Mimi ni mtunzaji wa wazee. Sina fedha nyingi, ila huu ni msimu wangu wa nne wa kukaa Mwanza kuanzia Januari hadi Machi. Ukiitoa nauli ya ndege, miezi hiyo mitatu hunigharimu pungufu kuliko kubaki Umeå. Nawaandikia Waswahili wenzangu mlioko Uswidi, Norwe, Kanada na kwingine kwenye barafu, mnaoumwa viungo na roho kila ikifika Novemba na kudhani kuondoka ni kwa matajiri.

Hatua ya 1: Zima gharama za kule unakotoka

Wengi huanza na tiketi. Anza na kodi ya nyumba yako. Ukiiacha nyumba ya Umeå imefungwa huku kodi inakatwa kila mwezi, unalipa nyumba mbili, na hakuna ugali wa bei nafuu utakaoziba pengo hilo. Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa hilo na nilirudi na deni.

Sasa nampangisha mwanafunzi kwa miezi mitatu. Kwa nyumba ya kupanga Uswidi lazima mwenye nyumba akubali kwanza, kwa maandishi, na mimi huomba Septemba kwa sababu majibu huchelewa. Usimwingize mtu kimyakimya; unaweza kupoteza mkataba wako wote. Kisha simamisha vyote vinavyojikata vyenyewe: kadi ya mabasi, mazoezi, na kifurushi kikubwa cha simu. Namba yako ya kule ibakize kwenye kifurushi kidogo kabisa, maana benki hutuma ujumbe huko.

Kuhusu kazi: sheria ya Uswidi inakupa siku 25 za likizo kwa mwaka, na zile zinazozidi 20 unaweza kuziweka akiba hadi miaka mitano. Mimi huunganisha likizo, akiba, saa za ziada za kiangazi wakati wenzangu wanataka kupumzika, na likizo bila malipo kwa wiki zinazobaki. Zungumza na msimamizi wako mapema, kabla ratiba haijapangwa.

Hatua ya 2: Hesabu siku, kwa vidole

Tanzania hairuhusu uraia pacha, kwa hiyo ukishachukua pasi ya Uswidi kwa kawaida unaingia kwa viza kama mgeni mwingine. Viza ya kawaida ya matembezi ni dola 50 na inakupa siku zisizozidi 90. Omba kwenye mfumo wa Idara ya Uhamiaji, visa.immigration.go.tz, na uwe makini na tovuti za madalali zinazofanana nao na kutoza zaidi. Viza hiyo haikuruhusu kufanya kazi.

Januari, Februari na Machi jumla yake ni siku 90 kamili, na mwaka mrefu ni 91. Ndege ikiahirishwa siku moja, umezidisha. Mimi huingia tarehe 5 na kutoka kabla Machi haijaisha. Mwenye pasi ya Tanzania hahitaji viza, ila ahakikishe kibali chake cha ukaazi cha kule ni hai mpaka siku ya kurudi.

Angalia na bima. Bima ya nyumba ya Uswidi kwa kawaida hubeba safari kwa siku 45 za mwanzo tu. Ukikaa tisini, nunua nyongeza kabla hujaondoka.

Hatua ya 3: Kubali kwamba malaria imekusahau

Hapa naomba unisikilize. Tuliokulia kando ya ziwa tuna kiburi: "malaria naijua tangu utotoni." Kinga ile hupungua ukikaa miaka nje. Homa uliyoizoea ukiwa na miaka 15 inaweza kukuua ukiwa na 50. Nenda kliniki ya wasafiri mapema, maana dawa nyingine huanza siku moja au mbili kabla ya safari na nyingine wiki mbili au tatu kabla, na zote huendelea baada ya kurudi. Ukifika, lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Homa yoyote, hata ya saa chache, kapime siku hiyo hiyo. Usinunue dawa mseto dukani kwa kukisia.

Cheti cha homa ya manjano: ukikaa uwanjani zaidi ya saa 12 katika nchi yenye ugonjwa huo, mfano Nairobi au Addis Ababa, utadaiwa. Nauli za bei rahisi ndizo zenye kusubiri kurefu, kwa hiyo chanja yaishe.

Hatua ya 4: Tafuta nyumba kama mpangaji

Wiki ya kwanza nafikia nyumba ya wageni, kisha natafuta nyumba kwa miguu. Usilipie nyumba kutoka Ulaya kwa picha za WhatsApp. Dalali mmoja aliwahi kunitumia picha za nyumba nzuri yenye bustani; nilipofika, mwenye nyumba alikuwa hajawahi kulisikia jina langu wala kuiona hela.

Mtaa nichague upi? Capri Point na Isamilo panapendeza, upepo upo, na kodi ni ya watu wa mashirika. Mimi hukaa upande wa Nyegezi: stendi iko karibu, soko lipo, daladala za mjini hazikatiki, na kwa sababu ya wanafunzi wa chuo kikuu kule Malimbe nyumba ndogo za kupanga ni nyingi. Msimu uliopita nililipa shilingi 200,000 kwa mwezi kwa chumba, sebule, jiko na choo ndani. Upande wa Buswelu na Buhongwa unaweza kupata chini ya hapo, ila nauli na muda wa njiani vinaongezeka.

Nyumba za juu kwenye mawe, zile unazoziona zimening'inia mlimani kuanzia Mabatini, zina mandhari ambayo huwezi kuichoka. Kabla hujavutwa na mandhari, muulize mama wa jirani: maji yanapanda huku siku zipi? Mtaa wa mlimani maji yakikatika, ndoo hupandishwa kwa kichwa, na wewe ndiye utakayelipia kila ndoo.

Maswali ninayouliza kabla ya kutoa shilingi: Mita ya umeme ni yangu peke yangu au tunachangia? Kuna tangi? Anayelala getini ni nani? Kisha majadiliano. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita. Sema wazi unakaa mitatu na unalipa yote kwa mkupuo; ongeza kidogo kwa mwezi ikibidi. Dalali hudai kodi ya mwezi mmoja, na wengine huomba hela ya kuonyesha nyumba. Kubalianeni kabla ya kupanda bodaboda. Akikutajia kodi kwa dola, mkatalie kwa heshima: tangu 2025 kanuni zinakataza kutaja na kulipa bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Mkataba ukisainiwa, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe. Mwenyekiti akikujua, umepata jirani wa kwanza.

Hatua ya 5: Vitu vya ndani

Godoro, kitanda cha fundi wa mtaani, mtungi wa gesi wa kilo sita, sufuria tatu, ndoo mbili zenye mfuniko. Mashuka na mapazia nachukua mitumba ya Mlango Mmoja. Mwishoni mwa msimu vyote vinakwenda stoo kwa mama mdogo, Sengerema, na Januari vinarudi. Laini ya simu sajili kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) au kwa pasi, na uweke pesa ya simu mapema. Bila hiyo hata kununua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kutakusumbua usiku.

Hatua ya 6: Kula kinacholiwa

Akiba yako yote inaweza kuishia kwenye supamaketi, kwa jibini na nafaka za boksi. Asubuhi mimi nakula viazi vitamu au michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) kwa chai. Mchana sato, wali wa Magu au ugali wa muhogo, na mchicha. Dagaa nachukua soko la samaki la Mwaloni Kirumba, nawachagua mwenyewe: wanaong'aa na wasio na mchanga.

Kwa sato, fika mapema na umwone jicho. Likiwa limezama au lina ukungu, mwache. Salimia kabla ya kuuliza bei. "Mwangaluka" moja, salamu ya Kisukuma ya asubuhi, hata kwa lafudhi iliyochakaa, hunishushia bei kuliko ubishi wote. Na nunua kwa mama yule yule kila mara. Kufikia wiki ya tatu ananiwekea, anaparua magamba bila kudai, na siku sina chenji ananiambia, "Nenda tu mwanangu, utaleta kesho."

Kwa ujumla, kodi, chakula, umeme, maji na nauli vikijumlishwa, msimu uliopita nilitumia wastani wa 750,000 kwa mwezi.

Hatua ya 7: Fungu la ndugu

Hii hesabu haimo kwenye ile 750,000, na ndiyo inayowashinda wengi. Ukitoka Ulaya, ada, matibabu na bati la nyumba ya shangazi vinakusubiri. Siwezi kukushauri uwafiche ndugu kwamba umekuja. Wao ndio sababu ya joto hili kuwa na maana kwangu.

Ninachofanya: natenga fungu kabla ya safari, nalikabidhi kwa mama mdogo, na yeye ndiye anayepanga nani apewe nini. Anayajua matatizo ya kweli kuliko mimi. Mtu akija kwangu na shida, namjibu, "Shikamoo mjomba, hilo tumpelekee mama, fungu lote liko kwake." Mwaka wa kwanza walininunia wawili watatu. Sasa wanajua utaratibu, na tukikaa tunaongea mambo mengine.

Kutembeleana nako kumekuwa rahisi. Zamani kwenda Sengerema ilikuwa kupanga foleni ya pantoni Kigongo na kuomba Mungu. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025, na sasa naenda asubuhi na kurudi jioni nyumbani kwangu.

Hatua ya 8: Ziwa litazame, usiliingie

Nilinawa miguu ufukweni, kwenye majani, dakika kumi tu. Miezi miwili baadaye nilikuwa na maumivu ya tumbo ambayo madaktari wa Umeå hawakuyaelewa mpaka nilipowatajia ziwa. Kilikuwa kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi na kupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda. Maji ya kuoga yaliyotoka ziwani moja kwa moja yaache kwenye tangi siku mbili, au yachemshe. Ukishagusa ziwa, pima baada ya miezi miwili hivi. Dawa yake ipo na inatibu.

Jioni mimi hukaa juu ya mawe na kutazama mitumbwi ikitoka na taa zake kwenda kuvua dagaa. Hilo ni bure.

Hatua ya 9: Kurudi

Wiki ya mwisho lipa kila unachodaiwa, mrudishie mwenye nyumba funguo mbele ya jirani, na mpe taarifa kama utarudi Januari. Mimi nyumba hii hii nimeipata mara mbili kwa namna hiyo. Endelea na dawa za malaria kama ulivyoandikiwa. Ukipata homa ndani ya miezi mitatu baada ya kufika, neno la kwanza hospitalini liwe "nimetoka Tanzania," kwa sababu kule wataanza kufikiria mafua.

Na koti liweke juu kabisa ya begi la mkononi. Mwishoni mwa Machi Umeå bado kuna theluji, ila saa kumi na mbili za mwanga zitakuwa zimesharudi huko pia.