Kushusha uvimbe wa miguu ya mjamzito kwa mkono: usikande, vuta ngozi

Wifi yangu wa Wete alipoingia mwezi wa nane, makubadhi yake yalimwingia asubuhi tu. Ikifika alasiri, ukimbonyeza ugokoni kidole kinaacha shimo. Kazi yangu ni kukanda, nikadhani hili nalijua.

Kwanza mwangalie. Mguu mmoja tu ukivimba, ukawa wa moto na unauma, usiuguse, mpeleke hospitali: huenda damu imeganda ndani. Kichwa kikimgonga, macho yakiona ukungu, uso ukavimba, au presha ikifika 140/90, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kifafa cha mimba hakitolewi kwa mkono.

1. Mlaze ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Asilale chali.

2. Anza shingoni, ijapokuwa kilichovimba ni miguu. Weka vidole kwenye vishimo vya juu ya mitulinga, vuta ngozi kidogo kwenda chini, achia. Mara kumi. Hapo ndipo limfu, yaani maji yanayokusanywa kutoka kwenye nyama za mwili, inaporudi kwenye damu.

3. Kinena, pale mitoki inapotokea. Hapa nilipoteza siku mbili. Nilianzia unyayoni, kwa mafuta ya nazi, nikimbana kama ninavyowabana wavuvi migongo. Goti likajaa, kwa sababu njia ya juu sijaifungua. Tena mishipa ya limfu imo chini tu ya ngozi, ukikandamiza unaiziba. Uzito wa kiganja chenyewe unatosha. Ukihisi nyama au mfupa, umezidisha. Mafuta yaache kabatini, maana mkono ukiteleza ngozi haivutiki. Mimi hutumia mkono mkavu, na poda kidogo wakati wa joto la kaskazi. Vuta kwenda juu, hesabu hadi tatu, kisha iache ngozi irudi yenyewe. Usiikimbize. Mama alinikodolea macho: "Huyo unamkanda au unampapasa?"

4. Paja: anza juu, kisha katikati, kisha karibu na goti, kila mara ukivuta kuelekea kinenani. Halafu nyuma ya goti, shavu la mguu, kifundo, unyayo. Robo saa hivi. Tumbo usiliguse.

5. Mguu wa pili vivyo hivyo, ameegemea mito.

Akiinuka atataka kwenda chooni, mwache aende. Wifi alivaa makubadhi yake mpaka baada ya Isha. Kesho yake alasiri yakakataa tena, nikarudi.