Vyuma vya sitaha: anza na mbao, si na chuma

Ukiwa na boti ya injini ya mtindo wa kale na unataka kutengenezewa vyuma vyako vya kufungia kamba, usimpelekee fundi picha tu. Chonga kwanza kielelezo cha mbao kwa ukubwa kamili, kibane kwa jiliwa mahali pake, kisha pitisha kamba hadi gatini. Fanya hivyo maji makavu na maji yakijaa, siku za bamvua, maji yanapopanda na kushuka kupita kawaida. Hapa Mombasa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hivyo kamba inayokaa vizuri asubuhi huweza jioni kuvuta kwa pembe nyingine kabisa na kusugua ukingo wa mbao uliopakwa vanishi kwa jasho. Mimi niliuharibu ukingo mzuri wa msaji kwa kuruka hatua hii, na bado unaniuma.

Umbo likikubali, mpe msubuji, fundi wa kuyeyusha na kumimina madini, kielelezo kilichozidi kidogo, takriban asilimia 1.5, maana bronzi (kwa kawaida shaba iliyochanganywa na bati) hunywea ikipoa. Na iwe bronzi kweli. Shaba ya njano inang'aa vilevile, lakini maji ya chumvi huila zinki yake ikabaki dhaifu kama biskuti. Bolti nazo ziwe bronzi.

Chini ya sitaha weka bamba pana la kugawanya mvuto. Matundu ya bolti yatoboe makubwa, yajaze epoksi (gundi inayokauka ngumu), kisha utoboe upya, mvua ya masika isipenye kwenye mbao.