Baruti ya bastola: anza na kitabu, si na kopo

Nilikuwa fundi wa silaha jeshini kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Arua. Kujaza risasi kwa mkono, yaani kuunda risasi mwenyewe kwa ganda, fataki, baruti na kichwa, nilijifunza Afrika Kusini, kwenye klabu moja ya kulenga shabaha, na hadi leo vijana wetu waliopata kazi huko hunipigia simu: "Mzee, baruti gani nzuri?" Hapa Uganda si kazi ya kufanyia chumbani, Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 inataka leseni. Nasema na mwenye kibali.

Kijana wangu, chagua kwanza kichwa cha risasi. Vichwa vya milimita 9 Parabellum, aina ya risasi ya bastola, huwa vya greini 115, 124 au 147, na greini moja ni kama gramu 0.065 tu. Kisha fungua kitabu cha mtengenezaji wa baruti utafute mstari wa kichwa hichohicho: uzito, umbo, kama ni cha madini ya risasi matupu au kimevikwa shaba, fataki (kile kiwashio kidogo cha kitakoni) iliyotumika, na urefu wa risasi ikishakamilika. Huo urefu watu huuruka. Kichwa kikizama zaidi ndani ya ganda, nafasi inapungua na mgandamizo unapanda ghafla, ingawa baruti hujaiongeza hata chembe.

Mwenzangu mmoja alinakili kipimo cha baruti kutoka kwenye kikaratasi alichopewa. Kipimo kilikuwa cha kichwa chepesi, yeye akaweka kizito. Niliokota ganda lake la kwanza: fataki imebonyea bapa kabisa, na karibu na kitako ganda limevimba upande mmoja, unalihisi kwa kidole gumba. Nilimwambia aweke bastola chini. Zilizobaki tulizifungua zote, moja moja.

Kuhusu baruti yenyewe, ya kasi, yaani inayoungua haraka, kama N320 ya kampuni ya Vihtavuori hutumia kiasi kidogo; N340 huungua polepole kidogo. Kwa anayeanza napendelea ile inayojaza ganda zaidi ya nusu, kwa sababu ukiijaza mara mbili kwa bahati mbaya inamwagika na unaiona. Ile kidogo inajificha.

Anza na kipimo cha chini kilichoandikwa. Kama kitabu kinatoa cha juu peke yake, punguza asilimia 10, halafu panda taratibu ukikagua maganda. Ukibadilisha chochote, hata aina ya fataki, rudi chini. Mzani upime kwanza kwa jiwe lake, mbali na feni.

Maganda yakishajaa, yapange hamsini kwenye kibao, umulike tochi kila shimo kabla ya kufunga kichwa. Mezani liwe kopo moja tu la baruti. Na ukifungua kopo likakuchoma pua kwa harufu ya uchachu, au ukaona vumbi jekundu, imeharibika hiyo, usiipime.