Beetle Iliyolala Muda Mrefu: Safisha Njia ya Mafuta Kuanzia Tankini

Umenunua Volkswagen Beetle ya zamani, injini ya 1600. Inawaka, inamisi, inazima. Wengi hukimbilia kabureta. Ukiisafisha na kuacha kutu tankini, jeti, yaani vipande vya shaba vyenye tundu dogo la kupitishia mafuta, zitaziba tena baada ya kilomita chache. Tanki liko mbele, injini nyuma. Fuata njia hiyohiyo.

Kwanza chomoa waya wa hasi wa betri, iliyo chini ya kiti cha nyuma. Fanya kazi nje, mtungi wa unga wa kuzimia moto ukiwa karibu. Usinyonye petroli kwa mdomo.

Fungua kifuniko cha tanki unuse. Petroli iliyochacha hunuka kama vanishi, imwage yote. Tanki hushikwa na bolti nne chini ya boneti. Litoe, tia mnyororo mwembamba wa mita moja na maji ya sabuni, litikise mpaka maji yatoke bila unga mwekundu. Kisha mimina siki lita 10, uligeuze upande baada ya upande kwa siku nzima. Suuza kwa maji yenye magadi soda, halafu kausha papo hapo kwa upepo wa kompresa, kwani chuma kitupu chenye unyevu hushika kutu upesi sana. Kama lina tundu, usilipeleke kuchomelewa likiwa na harufu ya petroli: mvuke uliobaki hulipuka hata tanki likionekana kavu.

Mipira ibadilishe yote. Nunua ya petroli, yenye tundu la mm 5, na klipu mpya. Kipande kimoja kiko chini ya tanki, kingine kati ya pampu na kabureta. Cha tatu, karibu na giaboksi, husahaulika kwa sababu hakionekani mpaka ulale chini ya gari. Kikipasuka, petroli hudondoka jirani na injini ya moto. Hapo hapo angalia bomba la chuma linapopenya bati la injini: lazima liwe na raba ya kulizunguka, la sivyo bati hulisaga polepole mpaka litoboke.

Filta ya plastiki iweke chini ya tanki. Ukiikuta inaning'inia juu ya distributa, kifaa kinachogawa umeme wa plagi, iondoe leo. Uzito wake huvuta kibomba cha shaba kinachoingiza mafuta kwenye kabureta. Kishike kibomba hicho ukizungushe kwa vidole. Kikizunguka, siku moja kitachomoka injini ikiwa inaunguruma na gari litaungua. Mpe fundi wa mashine akikatie uzi kifungwe kama skrubu.

Pampu ipime hivi: chomoa mpira kwenye kabureta, uingize kwenye chupa, chomoa waya wa koili ili injini isiwake, rudisha betri, mwenzako apige stati. Mafuta yaruke kwa mapigo yenye nguvu. Chomoa pia stiki ya oili unuse: ikinuka petroli, huenda raba ya pampu imepasuka. Badilisha pampu na oili, lita 2.5, kabla ya kuwasha. Unaponunua pampu, fimbo inayoisukuma kutoka ndani ya injini ni mm 108 kwa injini ya dainamo na mm 100 kwa ya alteneta. Ikichomoza zaidi ya mm 13, ongeza gasketi chini ya pampu. Vinginevyo presha itaishinda sindano, yaani vali ndogo inayofunga mafuta yasiingie zaidi, na kabureta itafurika.

Sasa kabureta, Solex 34 PICT-3. Fungua skrubu tano za juu. Litikise boya sikioni: likisikika lina mafuta ndani, limetoboka. Isukume sindano ijifunge, puliza kwa mpira safi. Hewa ikipita, weka mpya. Jeti zipulize kwa kompresa, kamwe usizichokonoe kwa waya, kwani shaba hutanuka na gari litakula mafuta.

Haikai sailensa, yaani inazima ukiachia pedali ya mafuta? Washa swichi usikilize vali ya umeme ya kabureta. Isipolia "tik", imekufa au haipati umeme. Ikilia, funga skrubu ndogo ya mchanganyiko taratibu hadi mwisho, ifungue mizunguko miwili na nusu, kisha tumia skrubu kubwa iliyo jirani kupata mizunguko 850 kwa dakika.

Endesha kilomita 50, kisha itazame filta ya chini ya tanki kwenye mwanga. Unga mwekundu ukiwa umerudi, tanki bado, litoe tena.