Kuandika mchezo wa gereza la wanawake: anzia kwenye ndoo, si kwenye fujo

Mchezo wangu wa kwanza wa gerezani ulifunguka kwa fujo: magodoro yanawaka, filimbi zinalia, mlango wa wadi unavunjwa. Watazamaji walishangilia. Baada ya onyesho, mama mmoja aliyewahi kufungwa alinivuta kando akaniambia, "Mwanangu, umejitahidi. Lakini sisi hatukuwa tukipigana na maafande. Tulikuwa tunagombania ndoo." Usiku ule niliichana sehemu yote ya kwanza. Tangu hapo huandika kwa utaratibu ufuatao.

Hatua ya 1: Tafuta kitu kidogo cha kugombania

Usianze na "haki" wala "uhuru". Hayo yatakuja yenyewe. Anza na kitu kinachoshikika: ndoo ya maji, kipande cha sabuni, sodo, dakika kumi za kuonana na mtoto. Kitu hicho kiwe na njia moja tu ya kukipata, na njia hiyo aishike mtu mmoja.

Mimi hupenda sodo. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinataka mfungwa mwanamke apewe sodo bure na maji ya mara kwa mara. Sasa weka stoo yenye paketi kumi na wadi yenye wanawake arobaini, halafu mpe funguo afande asiyependa kuulizwa. Mchezo umeshaanza na hakuna aliyepaza sauti.

Hatua ya 2: Piga mstari katikati ya karatasi

Usiruke hatua hii hata ukiwa na haraka. Upande wa kushoto andika kila kitu ambacho uongozi unaweza kunyima: ziara, barua, kazi ya jikoni na, zaidi ya vyote, siku. Kenya, wafungwa wengi wenye vifungo vya zaidi ya mwezi mmoja wanaweza kupunguziwa theluthi moja kwa bidii na mwenendo mwema, ingawa wa kifungo cha maisha hawamo. Aliyefungwa miaka 6 huanza kuhesabu 4 tangu siku ya kwanza. Ile miwili iliyobaki ndiyo silaha ya mkuu wa gereza, na haihitaji kutajwa. Mhusika akifungua kinywa kulalamika, anaiona miaka yake miwili ikining'inia mbele yake, anafunga kinywa.

Upande wa kulia andika wanachoweza kunyima wafungwa. Hapa waandishi wengi huacha karatasi tupu, na ndiyo sababu michezo yao huishia kwenye ngumi. Nani anapika uji? Nani anafua, anashona, anabembeleza mgeni anayelia usiku kucha? Askari wa zamu ya usiku ni wachache, na wadi hutulia kwa sababu waliomo wamekubali itulie.

Kisha kuna hesabu. Jioni lazima idadi itimie, la sivyo zamu haikabidhiwi. Wanawake arobaini wakichuchumaa polepole, mmoja akapatwa na kikohozi, mwingine akataja namba ya mwenzake, hesabu inarudiwa mara tatu huku afande ana mtoto mwenye homa nyumbani. Kanuni gani imevunjwa? Hakuna.

Hatua ya 3: Mweke nyapara katikati

Nyapara ni mfungwa anayewasimamia wenzake kwa niaba ya uongozi. Kanuni za Mandela, za Umoja wa Mataifa za mwaka 2015 kuhusu wafungwa, zinakataza mfungwa kupewa mamlaka ya kuwaadhibu wenzake. Katika hadithi yako atakuwepo tu, rasmi au kwa kunong'onezwa. Mpe sababu ya kibinadamu: amebakiza miezi minane, binti yake anaolewa Desemba. Ukimfanya msaliti wa kuchekesha umempoteza mhusika wako bora, kwa maana ndiye pekee anayejua orodha zote mbili.

Hatua ya 4: Mkuu naye awe na mkubwa wake

Simu kutoka makao makuu, ugeni wa waziri wiki ijayo. Sentensi mbili zatosha.

Hatua ya 5: Panda ngazi, usiruke vidato

Kila hatua ya wafungwa ijibiwe na uongozi, na jibu hilo lizae ukaidi mpya. Historia imeshatuandikia mfano. Julai 1909, katika gereza la Holloway, London, Marion Wallace Dunlop aligoma kula akidai atambuliwe kuwa mfungwa wa kisiasa. Baada ya saa 91 walimwachia. Wanawake wenzake waliodai haki ya kupiga kura wakamfuata. Serikali ikajibu kwa kuwalisha kwa nguvu kupitia mrija. Umma ulipochukizwa, ikatunga sheria ya mwaka 1913: mgomaji akidhoofika anaachiwa, akipata nafuu anakamatwa tena. Watu wakaibandika jina la sheria ya paka na panya. Hesabu vidato hivyo: kila upande unadhani umeshinda, na kila ushindi unafungua mlango wa pigo jingine.

Nyumbani kwetu Kenya kuna gereza la Kamiti. Wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, wakoloni waliwazuia hapo wanawake waliohusishwa na Mau Mau. Waliokataa katakata kukiri walihesabiwa kuwa sugu, na mwaka 1958 kambi ya Gitamayu ikatumika kwa ajili yao. Wapo waliotajwa na wakuu wa kambi kuwa wana wazimu. Ikariri mbinu hiyo: uongozi ukishindwa kuuvunja ukaidi, huugeuza ugonjwa. Jukwaani, daktari mpole mwenye faili hutisha kuliko rungu.

Hatua ya 6: Sikiliza wanavyoitana

Madaraka yakihama, jina hutangulia kuhama. Hiki ni kipande changu:

AFANDE: Arobaini na mbili, simama.
MAMA ROSA: *(bado amechuchumaa)* Magoti, afande.
AFANDE: Nimesema simama!
MAMA ROSA: Mimi nimesikia. Magoti ndiyo hayajasikia.
*(Kimya. Mtu anacheka nyuma. Afande anatazama saa.)*
AFANDE: Mama Rosa, tafadhali. Basi litaniacha.

Kutoka namba hadi "Mama", kutoka amri hadi "tafadhali". Usiongeze maelezo. Na usimfanye Mama Rosa atabasamu. Nililiona hilo kwenye mazoezi, likaua kila kitu.

Hatua ya 7: Mtoto asiwe pambo

Kenya, mtoto anaweza kukaa gerezani na mama yake hadi atimize miaka 4. Ukimleta, lazima abadilishe mizani. Kanuni za Bangkok zinakataza kumfungia peke yake mama anayenyonyesha, kwa hiyo huyo anaweza kusema ambayo wenzake hawathubutu. Lakini kila mtu anaijua tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, mkuu wa gereza akiwemo.

Hatua ya 8: Funga palepale ulipoanzia

Rudi kwenye ndoo, au sodo, au hesabu. Wangu hufunga jioni ya mwisho: sodo zimeletwa, nyapara amehamishwa gereza jingine, Mama Rosa amepoteza miezi yake. Wanachuchumaa. Afande anaanza kuhesabu, anafika arobaini na moja, anasita, kisha anaita jina.