Namna ya kuotesha mbuyu nyumbani Dodoma

Mbuyu ni mti wa asili wa nyanda zetu kavu na huweza kuishi zaidi ya miaka 1,000, hivyo anayeupanda uwanjani anawapandia pia wajukuu wa wajukuu wake. Ugumu wake mkubwa uko kwenye mbegu.

Hatua ya 1. Nunua buyu zima lililokauka. Mbegu za ubuyu uliopikwa kwa sukari na rangi hazifai, kwa kuwa moto umekwisha kuziua. Livunje, loweka mbegu zake ili unga utoke, kisha ondoa zinazoelea.

Hatua ya 2. Ganda la mbegu ni gumu kiasi kwamba maji hayapenyi, na wengi wanaolalamika kwamba mbuyu hauoti wameiruka hatua hii. Sugua upande mmoja wa kila mbegu kwa msasa mpaka rangi ya ndani ianze kuonekana, ukiepuka sehemu yenye kovu ambako mzizi hutokea, kisha ziloweke katika maji ya vuguvugu kwa siku nzima. Zilizovimba ziko tayari. Zisizovimba zirudishe kwenye msasa.

Hatua ya 3. Mwezi wa Agosti au Septemba, panda kwa kina cha sentimita 2 katika viriba virefu (mifuko ya kuoteshea miche) vyenye mchanga, udongo wa juu na samadi kidogo iliyooza vizuri. Majani ya mwanzo huwa moja moja, wala hayafanani na vidole vya mkono kama ya mbuyu mkubwa. Usiung'oe mche ukidhani ni magugu.

Hatua ya 4. Mvua zetu huja kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo hamishia miche shambani udongo ukishalowa. Chagua mahali palipo angalau mita 15 kutoka ukutani na kwenye shimo la maji taka, pasipotuama maji. Chana kiriba bila kuuvunja mzizi mkuu, ambao hunenepa mapema na kuhifadhi maji.

Hatua ya 5. Zungushia matawi ya miba, kwa maana mbuzi huumaliza mche kwa asubuhi moja. Kiangazi majani yatapukutika: punguza maji kabisa wakati huo, kwani mzizi uliolala ukiloweshwa mara kwa mara huoza.

Matunda ya mti wa mbegu huchukua miaka mingi, pengine zaidi ya 15. Asiyeweza kusubiri atafute mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti unaozaa tayari, ingawa majani machanga huliwa kama mboga mapema zaidi, mradi usiukwanyue mti ambao bado ni mdogo.