Kimbunga Kikielekea Pwani ya Marekani: Tazama Maji Kwanza, Upepo Baadaye

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza 1 Juni na kuisha 30 Novemba, na kipindi kibaya zaidi ni katikati ya Agosti hadi katikati ya Oktoba. Kimbunga kikitajwa, swali la kwanza la watu wengi huwa: ni daraja la ngapi? Daraja, 1 hadi 5, hupima kasi ya upepo tu. Halisemi lolote kuhusu bahari. Kimbunga Ike kilitua Galveston, Texas, mwaka 2008 kikiwa daraja la 2, na bado kilizoa nyumba za rasi jirani ya Bolivar Peninsula mtaa baada ya mtaa. Katrina, mwaka 2005, kilitua kikiwa daraja la 3 lakini kilipandisha maji karibu futi 28 kwenye pwani ya Mississippi, yaani zaidi ya mita 8.

Maji hupanda hivyo kwa sababu upepo huyasukuma kwa saa nyingi juu ya eneo pana. Penye kina kirefu, yanayosukumwa hupata njia ya kurudi chini kwa chini. Penye kina kifupi, kama Ghuba ya Mexico upande wa magharibi wa Florida, hayana pa kwenda ila nchi kavu. Upande nao una maana: vimbunga vya huko huzunguka kinyume cha mishale ya saa, hivyo pwani iliyo kulia kwa njia ya kimbunga ndiyo hupigwa na maji zaidi. Kushoto bahari inaweza hata kukimbia ufukwe, kama ilivyotokea Tampa Bay, magharibi mwa Florida, wakati wa vimbunga Irma (2017) na Ian (2022). Usishuke kutembea kwenye matope hayo. Upepo ukigeuka, maji hurudi.

Chanzo cha kufuata ni kimoja: Kituo cha Taifa cha Vimbunga kilichoko Miami, nhc.noaa.gov. Taarifa kuu hutoka mara nne kwa siku kwa saa za huko: saa 11 alfajiri, saa 5 asubuhi, saa 11 jioni na saa 5 usiku. (Kwenye tovuti tarakimu hizo hubadilishana zamu: 5 AM ndiyo saa 11 alfajiri yetu, 11 AM ndiyo saa 5 asubuhi. Ukimsomea ndugu kwa simu, hakikisha mnahesabu saa kwa namna moja.) Pwani ikishawekewa tahadhari, taarifa za katikati huongezwa, ikawa moja kila saa tatu. Ramani inayozunguka WhatsApp bila tarehe wala saa, ifute.

Koni nyeupe ya kwenye ramani huwapotosha wengi. Inaonyesha mahali kitovu kinaweza kupita, na kitovu hubaki ndani yake takriban mara mbili katika kila tatu. Haionyeshi ukubwa wa kimbunga. Helene ya 2024 ilipita baharini mbali na Tampa Bay ikaenda kutua Big Bend, pwani ya kaskazini zaidi mwa Florida, na nyumba za Tampa Bay zikaingia maji vilevile. Kwa hiyo fungua ramani ya mafuriko ya bahari, ambayo kwa kawaida hutolewa saa 48 kabla. Futi zake huhesabiwa kuanzia ardhini, si kuanzia usawa wa bahari: njano ni zaidi ya futi 3, chungwa zaidi ya 6, nyekundu zaidi ya 9. Futi 6 maana yake mtu mzima aliyesimama nje ya mlango wako huenda akafunikwa kichwa.

Kabla ya Juni, tafuta kwenye tovuti ya kaunti unakoishi ni eneo gani la kuhama, yaani herufi au namba inayotajwa watu wanapoamriwa kuondoka. Florida hutumia herufi, New York City hutumia namba 1 hadi 6, na ukanda wa Houston hufuata namba za posta. Usichanganye na ramani ya bima ya mafuriko, ambayo pia ina eneo A lakini lenye maana tofauti kabisa.

Storm Surge Warning (onyo la maji ya bahari kuvamia nchi kavu) ikitolewa, hatari inatarajiwa ndani ya saa 36. Lakini saa ya kuondoka hupimwa kwa upepo wa kwanza wa maili 39 kwa saa, si kwa kufika kwa kitovu. Upepo ukikaribia maili 40, madaraja marefu huanza kufungwa. Toka nje ya eneo lako tu, hata kilomita 30 zaweza kutosha. Wakati wa Rita, mwaka 2005, wengi wa waliokufa Texas walifia katika safari ya kukimbia, si kwa dhoruba.

Kama wewe ni mgeni, pasipoti na karatasi za uhamiaji, yaani I-94 (rekodi ya kuingia nchini), I-20 (ya mwanafunzi) au I-797 (notisi ya uhamiaji), ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na picha zake kwenye simu. Makazi ya muda ya Msalaba Mwekundu hayaulizi hali ya uhamiaji. Msaada wa fedha wa FEMA, shirika la serikali la maafa, huuliza. Mwenye viza ya masomo hastahili, ila mzazi anaweza kuomba kwa niaba ya mtoto aliye raia. Bima ya kawaida ya nyumba au ya mpangaji hailipi mafuriko. Bima ya mafuriko ya serikali hupatikana hata kwa mpangaji, hulipa vyombo hadi dola 100,000, na kwa kawaida huanza kazi siku 30 baada ya kuinunua, kwa hiyo kuitafuta kimbunga kikiwa tayari na jina ni kuchelewa.

Weka maji ya kunywa galoni moja, karibu lita 4, kwa kila mtu kwa siku. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka madirisha na milango. Kila msimu moshi wake huua watu walionusurika na dhoruba yenyewe. Gari la umeme lililozama katika maji ya chumvi lisiwashwe wala kuchajiwa: livutwe liwe angalau mita 15 kutoka jengo lolote, kwa kuwa betri inaweza kushika moto siku kadhaa baadaye.